Zamu Yangu ya Mchezo

Zamu yangu ya mchezo imeangukia Rajabu.
Elfu ishirini na nne, noti zimekunjwa
ndani ya kopo la Bi Tima, mlango wa pili,
na kabla hajamaliza kuhesabu ananiuliza:
"Wanunua nini? Friji? Kabati la vyombo?"
Nikamwambia, mchezo nautia kwenye mchezo.
Akacheka mpaka leso ikamvuka begani.
Hajui kuwa sikufanya mzaha.

Kompyuta yangu ina miaka kumi na mmoja.
Ilikuja Sparki kwa mkokoteni, imefungwa shuka
kama mgonjwa apelekwaye Makadara.
Mchana nakata vitambaa, nashona madera;
usiku, watoto wakilala, naendesha lori.
Tani arubaini, kwenye theluji,
barabara za miji nisiyojua hutamkwaje,
na jasho lanidondokea juu ya kipanya.

Siku hizi theluji inakwama.
Punje moja hushuka, hutulia hewani,
hufikiri,
ndipo ya pili ifuate.
Lori hutoka kwenye kona likaingia mtaroni
bila kupita popote katikati.

Nimeipeleka kwa Nassor Kombo, Mwembe Tayari,
ghorofa ya kwanza, juu ya duka la magodoro.
Akaifungua kwa bisibisi iliyokuwa nyuma ya sikio.
"Mwanasiti, kadi ya picha kwanza."
Kisha akaitazama pawa saplai.
"Ila kadi itataka stima ambayo huyu hana."
Kisha prosesa.
"Na huyu atakuwa punda aliyevishwa hereni."
Kisha diski, ambayo ilipowashwa iliguguna
kama bibi wa meno mawili na muhogo mkavu.
Kila alichokigusa kilimtaja mwenzake,
mfano wa watoto ukiwauliza nani kavunja kikombe.

Nassor akinusa pesa husema kwa vina:
"Memori huleta kasi, kadi huleta uzuri,
pawa ikikosa nguvu, vyote viwili kaburi."

Kadi anayo. Imetumika, imetoka kwenye kontena,
elfu kumi na tisa, bila ya maneno.
Feni mbili, taa ya zambarau.
Nikaishika kama unavyompakata mtoto wa watu,
ukijua mamake yuaja.
Hesabu yangu ni ya cherehani:
dera lililopauka ukilitia mikono mipya,
hakuna atakayesifu mikono.
Watu wataliona dera.

Basi memori, giga nane. Diski isiyoguguna.
Pawa saplai ya kweli, si ile nyepesi kama kopo tupu,
maana stima ya Sparki hukatika
na hurudi kwa hasira.
Elfu kumi na mbili na mia tano.
Kilichobaki kina wenyewe: karo ya Swafiya, gesi, uzi.
Kadi na isubiri Rajabu nyingine.

Nassor alikuwa akipuliza vumbi, akasita.
Akainusa feni. "Hii ni nini, gundi?"
Ina utando wa hudhurungi, unanata.
Ni udi.
Kila Alhamisi chetezo hukaa sakafuni, ubavuni mwake,
nafukiza nguo za wateja kabla hazijachukuliwa,
na feni miaka yote imekuwa ikivuta.
Udi wa kwanza kabisa aliupika mama, hapo chumbani,
akakadiria sukari kwa jicho.
Hakuna aliyeandika kipimo. Wangu mimi huungua.
Lakini saa saba za usiku, mashine ikishika moto,
theluji ya ng'ambo hunukia mama.

"Feni mpya mia sita tu," alisema Nassor. "Hii tupa."
Nikamwambia, iache. Ipanguse kwa spiriti.
Usiipanguse sana.

Jana lori limepanda mlima mzima, halikuruka,
ingawa kwenye handaki bado linasitasita.
Asubuhi Bi Tima kachungulia dirishani.
"Na friji yenyewe iko wapi?"
Ipo, nimemjibu. Imejaa theluji.