Nukta ya Shangazi Sikujua

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini.
Mimi namngoja kila baada ya siku kumi na mbili,
ghorofa ya nne, Upanga, feni ikikoroma.
Hashuki. Hupita kilomita mia saba juu ya paa letu
akaangusha picha, akaenda zake.

Masika haya wingu limelalia jiji wiki nzima,
lakini rada haijali wingu.
Penye mabati huwaka weupe.
Penye maji yaliyotuama hapana kitu:
weusi, kama pengo la jino.

Nimeilaza picha ya jana juu ya ile ya mwaka juzi.
Msimbazi umenenepa.
Pale Kigogo umemega kona
iliyokuwa na msikiti mdogo na kijiwe cha bao.

Kila nukta ni mita kumi kwa kumi.
Nukta ya shangazi yangu, Sikujua binti Mwinshehe,
ina vyumba viwili, nusu ya choo cha jirani,
mpapai dume, banda la kuku.
Kutoka huko juu vyote ni kijivu kimoja.
Kushoto kwake, weusi.

Nikampigia.
"Shangazi, hamia kwa Tatu. Maji yako nukta moja tu."
"Nani kakwambia?"
"Setilaiti."
"Imeona nimeanika dagaa?"
"Haioni dagaa."
"Basi haijaona kitu."
Akakata.

Saa nne usiku simu ikalia.
"Hiyo setilaiti yako, imeona kalavati limezibwa na matairi?"
"Hapana."
"Malori yanayochota mchanga wa mto watu wakilala?"
"Hapana, shangazi."
"Mimi naona. Shika kalamu."

Nikaandika hadi wino ukafifia:
namba za malori, jina la aliyekata matete,
siku maji yalipopanda kizingiti cha kwanza.
Kesho yake tukavipeleka kwa mtendaji wa kata, picha na karatasi,
jicho la juu na jicho la chini,
naye safari hii hakupata pa kutazama.

Kalavati lilizibuliwa Jumanne.
Mvua kubwa ikaja Alhamisi.
Ukuta mmoja wa shangazi ulikwenda; yeye na kuku wake walikuwa Tabata.

Jioni nikamwambia wapo wanaosaka maji Mirihi.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Waambie waje wachote huku," akasema,
"ila wakirudi, jicho lao waliache."