Mlango wa Kushoto

Mimi ndiye niliyepiga chapa Kiambatisho cha Pili,
usiku, Kanbera, chai ikipoa kando ya kompyuta:
jina la bidhaa, ushuru wa leo, ushuru wa kesho,
na kesho yenyewe ilikuwa sifuri.
Sifuri ni nyepesi kuandika.
Kidole kimoja tu.

Shemeji yangu Jory Trembath alifunga milango
kiwandani Elizabeth, kaskazini ya Adelaidi,
miaka ishirini na tisa, ya kushoto peke yake.
Kuufunga kwa parafujo, kisha kuufunga kwa kiganja,
kisha kuinamisha kichwa asikilize.
Mlango mbovu hupiga kelele, alisema, kama mdaiwa.
Mzuri husema ndi,
halafu hauna la kuongeza.

Siku ya kutia sahihi redio ilitangaza:
milango ya biashara imefunguliwa pande zote mbili.
Jory alicheka hadi akakohoa.
"Mlango wa kufunguka pande zote mbili
niliuona mara moja tu, kwenye baa,
katika sinema ya kauboi. Na waliopita pale
nusu yao walitoka wamebebwa."

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Wakaja wageni: pikapu za Rayong, nyeupe,
zimebanana melini kama meno,
bei yake imepungua kwa kile nilichokifuta.
Na wenyeji walipona, sitaki kusema uongo.
Fundi bomba wa mtaani kwetu alipata gari jipya
kwa mara ya kwanza maishani,
akalipigia honi mtaa mzima.

Nasi tukapeleka letu: gari pana, silinda sita,
lililoundwa kwa barabara isiyo na kona kutwa nzima.
Forodhani lilitozwa sifuri, kama tulivyoafikiana.
Ila ndani, ukishavuka kizingiti,
palikuwa na kodi nyingine, ya ukubwa wa injini,
na injini yetu ilikuwa kubwa.
Haikuvunja kifungu hata kimoja.
Nilikagua mara tatu.
Mwaka ule tuliuza huko magari themanini na saba.

Kisha dola yetu ikapanda
mgongoni mwa chuma kilichochimbwa magharibi.
Chuma kiliondoka udongo, kikarudi bodi.
Kiwanda cha vioo vya pembeni kikafunga.
Kisha cha usukani.
Kila kilipofungwa kimoja nilipiga hesabu upya,
maana gari nalo lina uraia, hupimwa kwa asilimia:
hili letu kwa sitini,
hili letu kwa arobaini na moja,
hili letu kwa nembo.

Wilaiwan alikuja kabla ya hapo, wiki tatu,
ametumwa na kampuni ajifunze milango.
Alilala chumba cha mtoto wa Jory aliyehama.
Sauti ya kila mlango aliiandika daftarini
kwa herufi zake zenye vijiduara,
na jioni aliwasha simu, akamwonyesha mama yake
kangaruu wa plastiki juu ya friji.
Jory alimfundisha yote. Hata ujanja wa kiganja.
"Hukujua amekuja kuchukua nini?" nilimuuliza.
"Nilijua tangu uwanja wa ndege," alisema.
"Hapa nani mwingine alikuwa anasikiliza?"

Kiwanda kilifungwa Oktoba, siku ya Ijumaa.
Neno ni lilelile, kufunga; sikupata jingine.

Mwezi uliofuata alinichukua tukatazame magari.
Pikapu ya Rayong ilisimama chini ya taa.
Akazunguka upande wa kushoto,
akafungua, akaweka kiganja, akafunga.
Akafungua, akafunga tena.
Mara ya tatu aliniita niinamishe kichwa.
"Wasikia?"
Sikio langu limezoea karatasi.
Nikasema nasikia.

Mwuzaji akaja na bei.
Jory hakuitazama.
Aliuliza kama wanayo ya bluu.