Hesabu za Mtegemezi

Jina langu kwenye hati liko mstari wa saba,
chini ya jina la mke wangu, Nabintu,
na mbele yake neno moja: mtegemezi.
Nimefundisha hesabu Bukavu miaka kumi na mmoja.
Najua kutegemea ni nini.
Y hutegemea X, basi, hakuna aibu.
Lakini Y haamki saa kumi na moja alfajiri
kumpigia X pasi koti la maabara,
kisha abaki na jua lote la Bugarika
likipanda jiwe hadi jiwe.

Nikasema nitaomba kibali cha kazi.
Kuna shule Nyakato wananitaka,
kidato chao cha tatu hakijaona mwalimu wa hesabu tangu Pasaka.
Nikafungua daftari: kushoto matumizi, kulia mapato.
Kulia bado peupe kama wali wa sikukuu.

Diploma yangu ni ya Kifaransa.
Mtafsiri wa Mtaa wa Rufiji hutoza kwa ukurasa,
na ukurasa wenye muhuri tu, usio na neno,
nao ni ukurasa.
Wakili naye ana muhuri wake.
Picha sita, nyuma bluu; nne zilirudi kwa kuwa nilitabasamu.
Ada ya maombi, ambayo hairudi hata ukikataliwa.
Ada ya kibali chenyewe, kwa dola,
na dola wiki ile ilisimama juu kama Jiwe la Bismarck:
haishuki, watu wanaitazama tu.
Makato ya kutuma. Makato ya kutoa.
Nauli mara tisa,
kwa sababu mtandao ulikuwa chini mara nane.

Tukauza jokofu.
Nabintu akasema, “Mtu anayeshinda kwenye baridi ya samaki
hahitaji baridi nyingine nyumbani.”
Akacheka peke yake.
Nikaliandika jokofu upande wa kulia,
kisha nikalifuta. Sikulichuma.

Usiniambie habari ya sangara anayevuka mpaka bila pasi.
Nimeambiwa na kila mtu, hata na karani,
huku akinirudishia fomu.
Sangara huyo akifika kiwandani
karatasi zake ni nyingi kuliko zangu,
na anayezitia sahihi ni Nabintu.

Jioni huja Nkwimba, binti wa muuza mkaa,
na sehemu zake: robo jumlisha theluthi.
Tunakaa juu ya jiwe la mlangoni, lina joto bado,
anaandika kwa kipande cha mkaa, anafuta kwa kiganja,
anakwenda kwao na mkono mweusi.
Bure. Nililiuliza neno hilo ofisini.
Bure inaruhusiwa.

Jana matokeo yametoka.
Mama yake kapanda na mfuko,
ndani sato wawili, macho bado maangavu.
“Mwalimu, mboga hii.”
Nikasimama mikono nyuma
kama mtu anayepigwa picha, bila kutabasamu.
Je, sato ni mshahara?
Wawili je? Na akileta kila Ijumaa?
Karani angeweka alama kisanduku gani?
Mama wa watu akadhani namdharau,
nikaona uso wake unaanza kufunga.
Nikapokea. Kwa mikono yote miwili.

Mmoja tulimkaanga.
Wa pili asingelala bila jokofu,
akapanda juu kwa jirani, kwenye sahani yenye kifuniko.
Nabintu, akichambua miiba, akasema polepole,
“Hata kikija kesho, mkataba wangu umebakiza miezi saba.”
Saba juu ya kumi na mbili.
Nikajaribu kichwani. Haifupishiki.

Alipolala nikafungua daftari,
upande wa kulia,
nikaandika kwa penseli, hafifu,
ili ofisa yeyote akitokea niweze kukana:
sato, 2.