Mchele Haufufui Simu

Makoroboi, chini ya ngazi za duka la vitambaa,
meza ya Nyanzobe haina nafasi hata ya kikombe:
bisibisi saba, mswaki mkongwe, chupa ya spiriti,
na miwani aliyoifunga kwa uzi wa nyavu
tangu ilipovunjika mwaka ule wa uchaguzi.

Nilifika kwake na cheti na kucha ndefu.
Akatazama kucha. Cheti hakukiomba.
"Kata," alisema, "au ubaki kuwa mteja."

Watu wa ziwa huangusha simu ziwani, ndivyo ilivyo.
Mtu anahesabu sangara pale Mwaloni,
simu kaibana kwa bega, shingo imekaza,
ghafla: chubwi.
Wanazileta zimezikwa kwenye mchele, kilo nzima,
mchele wa Magu, wa kupikia wageni,
naye huukung'uta mfukoni, akawarudishia.
"Mchele haufufui simu, baba. Nenda kaule.
Hii niachie."

Jioni huwasha ile taa ya duara
akarekodi mikono yake tu.
Uso hajauonyesha hata siku moja.
Mikono, bodi, moshi mwembamba wa risasi,
na sauti yenye Kisukuma chake ndani:
"Mnaiona hii ya kijani? Ni kutu.
Kutu haina haraka. Na sisi tusiwe nayo."

Wafuasi elfu arobaini.
Wengine wamekuja kutukana tu:
mwanamke na bisibisi, mumewe anakula nini?
Alinisomea hayo tukila mihogo,
akiwasahihishia tahajia.
"Huyu kaandika *mwamke*. Nani alimfundisha?"

Kisha akaja Bituro, mchuuzi wa dagaa, kutoka Kome,
simu ameifunga kwenye leso,
siku ya nne tangu imponyoke gatini Kamanga.
Simu hakuitaka. Alitaka kilichomo:
sauti ya mkewe, aliyezikwa kabla ya Pasaka.

Siku tatu. Umeme ulipokatika nilishika kurunzi.
Aling'oa kitu kidogo kama punje ya ulezi,
akakihamishia kwenye bodi nyingine,
na nadhani hakupumua dakika nzima.
Taa ya duara ilikuwa inawaka. Tulikuwa tunarekodi.

Ndipo mwanamke yule akasema, pale mezani kwetu,
kwa sauti ya mtu mwenye shughuli zake:
"Bituro, chumvi usisahau.
Na mwambie Lauriani anirudishie beseni."

Basi. Hakuna zaidi.
Yule bwana akainama,
akaulaza uso katikati ya bisibisi.

Nyanzobe akanyoosha mkono, akazima taa.
Akafuta video, siku zote tatu,
mbele yangu mimi niliyekwisha kupiga hesabu:
hii ingefika laki mbili,
ingetulipia pango hadi Desemba.
Sikujizuia, nikauliza kwa nini.
"Hiyo ni chumvi ya watu," alisema,
akarudi kutafuta bisibisi iliyoanguka chini.

Kila Machi nane tunaombwa tuposti picha
ya mwanamke tunayemuenzi katika teknolojia.
Wenzangu huweka wenye makoti na maikrofoni.
Siwaonei wivu wale, kazi wameifanya.
Ila mimi picha yake sina.
Nina mikono tu, na yangu sasa inafanana nayo:
kucha fupi, kovu la chuma cha moto
kwenye kidole gumba.

Nimepata meza yangu, Buhongwa, karibu na stendi.
Leo asubuhi kaja binti, simu ndani ya mchele.
Nikaukung'uta. Nikafungua mfuniko.
Wateja wote hunitazama usoni,
wakisubiri bei.
Yeye alikuwa anatazama bodi.

Nikamsogezea kiti.