Herufi Haimo

Rasimu ilifika Farkwa ndani ya gunia la alizeti,
nakala kumi na mbili, tatu zimetafunwa na panya.
Tuliisoma ghalani, mimi na mama mkwe Gaudensia,
yeye akipepeta ufuta, mimi nikitutafuta sisi.

Tulikuwamo, ndani huko, ibara moja fupi:
makundi madogo.
Ungo ukasimama.
"Madogo kwa kipimo cha debe la nani?"

Akataka nisome jina letu. Nikapekua. Halipo.
Basi akalitaja mwenyewe jina la ukoo wa babaye,
lile linaloanza kwa mlio,
ulimi ukibanduka kaakaani kama kijiti kikavu kikivunjwa,
hata kuku wakainua vichwa.

Karani wa daftari alikuja na mashine, amechoka, mpole,
vumbi la Chemba limemjaa nyusi.
Alama za vidole alizipata zote kumi.
Jina likamshinda.
"Herufi hii haimo, mama."
"Humo ndimo haimo. Mdomoni imo."

Kura ya maoni, tuliambiwa, ni baada ya mavuno.
Tukavuna. Tukapura uwele, tukauza, tukala.
Redio ikasema imeahirishwa
mpaka hapo itakapotangazwa.

Kurasa nyingine zimefungia chumvi na ugoro.
Ule mmoja upo, umekunjwa pamoja na kadi
kwenye pindo la kanga.
Jioni Melania, darasa la pili, anausoma kwa kidole,
ma-ku-ndi ma-do-go,
na bibi yake, bila kuinua macho kwenye ungo:
"Hapo. Rudi hapo.
Weka ule mlio."