Lumbesa ya Mwanga

Isyonje, saa kumi na mbili asubuhi.
Ukungu umelala barabarani kama ng'ombe asiyejali honi.
Mimi ni karani wa mizani:
ndoano, gunia, namba,
na kugombana na wenye malori
juu ya kile kilemba cha viazi
wanachokiita lumbesa.

Jana Tumpale alirudi na daftari la fizikia,
akauliza kama anayeuliza bei ya chumvi:
"Baba, fotoni ina kilo ngapi?"
Mwenyewe akajibu: haina.
"Sasa inasukumaje?"
Nikamwambia ale kwanza.
Akala. Mimi ndiye niliyelala na swali tumboni.

Nyuma ya stakabadhi nikaandika,
maana mizani nyingine ninayoijua ni ya mashairi:

    Naandika kwa mizani, nane huku nane kule,
    Nuru haina uzani, yapita tangu milele,
    Ikishatua janini, huacha uzito tele,
    Uzito huo ni wa nani, na ulikuwa wapi kabla ya pale?

Mshororo wa nne umezidi. Najua.
Nimewatoza watu faini kwa chini ya hapo.

Mwalimu Kyando alikuja kununua debe moja,
akausoma, akapangusa pua kwa baridi.
"Uzito wa kiazi ni maji na hewa," alisema.
"Mwanga ni kamba tu, umefunga mzigo."
Na kamba haipimwi?
Huku kwetu kamba hupimwa, na gunia lenyewe hupimwa.
Akanyamaza. Kisha: "Hupimwa.
Ila ni nyepesi kuliko kutu ya ndoano yako."

Akaongeza, mkono ukiwa mlangoni,
kwamba fotoni moja peke yake haina tungamo,
lakini mbili zinazopeana mgongo,
moja ikishika njia ya Tukuyu, nyingine ya Mbeya mjini,
ukizihesabu kwa pamoja, zinalo.
Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo nilivyoelewa.
Lakini hapa chawa ni nani?
Na vidole vyenyewe
havijagusana.

Saa tatu Sekela huleta chai ya tangawizi
kwenye chupa nyekundu aliyoachiwa na mama yake.
Kati ya kioo na kioo, hamna kitu.
Hamna hewa, hamna vumbi, baridi ya Isyonje haina pa kukanyaga.
Tunalipia chai, lakini tunakunywa kazi ya hiyo hamna.
Na Kyando hata hamna ameniharibia:
eti ndani ya ombwe vitu vidogo hukopa nishati,
huchungulia duniani,
hulipa kabla daftari la madeni halijafunguliwa.
Wateja wa namna hiyo sijawahi kuwapata.

Eti pia chai ya moto ni nzito kuliko chai iliyopoa,
kikombe kilekile, tone lilelile.
Nimepima. Mshale haukutikisika.
Nimeamini hivyohivyo, na sipendi.

Leo lori la Mwambije limerudi nyuma vibaya,
benchi likapinduka.
Chupa ilitoa mlio mmoja, mfupi,
kama mtu aliyekumbuka jambo.
Sekela alisimama na kifuniko mkononi, hakusema kitu.
Chai ilitoa moshi kwenye tope, ikaacha.
Tumpale akachutama penye vipande,
kila kipande na jua lake dogo,
wala hakunitazama:
"Baba, ule utupu umekwenda wapi?"

Sijui kama kitu kisichokuwapo kinaweza kuondoka.
Najua kilikuwa kinafanya kazi.

Jioni nimefungua daftari kubwa, safu ya mwisho.
Viazi, magunia arobaini na moja.
Chupa moja, imevunjika.
Mwanga, kilo sifuri.
Utupu, kilo sifuri.
Mwambije anapiga honi, anataka karatasi yake aondoke.
Jumla nimeiacha wazi.