Shimo Moja Nyuma ya Jabali

Mama hakunituma mbali. Shamba letu la Kayenze
lilianzia mlangoni likaishia kwenye maji.
"Punje tatu kila shimo," alisema. "Usizidishe,
usipunguze. Mtama hauna haraka."
Akanipa kibuyu. Holo akapewa chake.

Holo alikuwa na miaka saba. Alihesabu kwa sauti,
moja, mbili, tatu, akafukia kwa kisigino,
moja, mbili, tatu, kama anayelaza watoto.
Mimi nilikuwa na kumi na moja, na ndoana mpya mfukoni,
na kina Lugata wananiita kwa miluzi
kutoka penye mawe, ambako furu walikuwa wakila chambo.

Nilichimba shimo moja nyuma ya jabali.
Nikamimina kibuyu kizima.
Nikafukia, nikakanyaga, nikakanyaga tena,
nikatandaza majani juu, kama mwizi anayefagia nyayo zake.
Jioni nilirudi na furu wanne kwenye ukambaa.
Mama akawapokea. "Umechoka, mwanangu. Kaa."

Udongo ulikaa kimya siku sita.
Kisha mvua ikaja usiku, kutoka ziwani, na radi zake,
na haukupita muda kila aliyekwenda kuteka maji akaona:
mistari ya Holo imenyooka kama nywele zilizosukwa,
upande wangu upara,
na nyuma ya jabali kichaka kimoja cha kijani
kimebanana kama abiria wa kivuko cha Kamanga,
kimeinua vidole mia mbili, vyote vinanionesha mimi.

Jumapili ile mchungaji alihubiri kupanda na kuvuna.
Nilidhani mama amemwambia. Hakumwambia.
Nilingoja fimbo. Haikuja.
Alisema tu, "Mtama wa Holo tutaupalilia sote.
Ule pale ni wako."

Basi nikawa na shamba langu, upana wa sufuria.
Nilipojaribu kupunguzia nilikuwa nimechelewa,
mizizi ilishashikana, ukivuta shina moja
jingine linafuata.
Yakarefuka manjano, membamba kama njiti.
Kwelea kwelea walipofika nilishinda juu ya jabali
na kombeo, nikilinda umaskini wangu.

Holo alivuna hadi mama akaazima tenga kwa jirani.
Mimi nilijaza kofia.
Mama akasaga wangu peke yake,
akasonga ugali ukubwa wa yai la bata,
akauweka mbele yangu kwenye sahani ya bati.
Haukuwa ukatili. Alikuwa ameahidi.

Nilikula matonge mawili. La tatu halikuwepo.
Ndipo Holo, bila kuniangalia,
na safari hii bila kuhesabu,
akakata ugali wake katikati
akausukuma.
Mama aliona. Akageukia moto, akachochea kuni
ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

Sasa nina mizani Mwaloni. Napima dagaa, gunia kwa gunia,
na nisikudanganye: kidole changu kimewahi kulala
kwenye sahani ya mizani, na najua kilichoota.
Hesabu hiyo naiweza.
Nusu ile ya ugali ndiyo inayonishinda.
Sikuipanda. Sikuipalilia. Nimeivuna,
na mwaka wa thelathini na mbili huu bado nimeshiba.

Siku hizi Holo ndiye anayelima pale.
Jana alinipigia simu, mvua imeanza.
Anasema nyuma ya jabali kila mwaka
huchomoza mtama ambao hakuna aliyeupanda, maotea,
mashina matatu, mwaka mwingine manne.
Nikamuuliza kama huwa anayang'oa.
Akacheka,
akaniuliza nitakuja lini kula.